Aliyelisukuma Toroli

Redio ya saluni ilikaa juu ya friji ndogo ya soda, na siku za kikao cha Bunge hakuna aliyethubutu kubadilisha stesheni. Si kwa amri ya Msusi, mwenye saluni. Wateja wenyewe ndio waliotaka kumsikia mbunge wao, na mbunge wao alikuwa mdogo wake Msusi, baba mmoja mama mmoja. Nyumbani walimwita Kengele tangu utotoni, maana akilia, hata majirani wa nyumba ya tatu walijua ana njaa.

Siku hiyo Msusi alikuwa akimsuka mama mmoja muuza mkaa, mteja wake wa miaka. Kengele aliposimama kuchangia hoja ya zahanati, mama muuza mkaa akainua kidole watu wanyamaze.

"Mheshimiwa Spika," sauti ikatoka kwenye redio, "zahanati ya kwetu inafungwa Ijumaa jioni, inafunguliwa Jumatatu asubuhi, utadhani magonjwa nayo yanakwenda mapumziko."

Wabunge wakacheka. Saluni nayo ikacheka. Msusi akatabasamu huku akigawa nywele.

"Nilikuwa msichana mdogo, Mheshimiwa Spika. Ilikuwa Jumapili, mvua inanyesha. Mama yangu anajipinda kwa maumivu ya tumbo. Nikaazima toroli la fundi mwashi, nikamlaza mama ndani yake, nikamsukuma mpaka zahanati. Mheshimiwa Spika, nilikuta kufuli."

Meza za Bunge zikapigwa kwa viganja mpaka redio ikakwaruza. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alitoa kichwa na kufuta machozi.

"Dada, polepole!" mama muuza mkaa akalia. "Hiyo unayovuta sasa ni ngozi."

"Samahani," Msusi akasema, na vidole vyake vikaendelea na kazi, lakini macho yalikuwa yamehama.

Kwa sababu Kengele hakuwepo. Jumapili ile Kengele alikuwa shule ya bweni, na habari za ugonjwa wa mama alikuja kuzisikia shule zilipofungwa. Aliyeazima toroli ni Msusi. Na mvua haikunyesha hata tone. Jua liliwaka kama limetumwa, gurudumu halikuwa na upepo, na kila toroli lilipoingia kwenye shimo mama alitoa sauti ambayo Msusi hajawahi kuisikia tena kwa mtu. Alipokuta kufuli hakukaa kulia. Aliligeuza toroli, akasukuma mpaka hospitali kubwa, upande wa pili wa mji, na madaktari wakampasua mama siku ileile. Viganja vya Msusi vilichubuka hivi kwamba hakuweza kushika nywele za mtu kwa muda mrefu, na nywele za watu ndizo zilizokuwa zikimsomesha Kengele.

Angesema nini? Angemkana mdogo wake mbele ya wateja? Akajiambia kwamba ulimi umemteleza tu, atapiga simu mwenyewe aeleze.

Kweli jioni simu ikaita.

"Dada, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nimeongeaje?"

"Umeongea vizuri."

"Mawaziri wawili wamenifuata nje kunipa mkono! Wanasema hoja sasa itapita. Dada, mama amesikia?"

Msusi akasubiri. Akasubiri neno moja tu. Kengele akasema ana watu wanamngoja, wataongea baadaye, akakata.

Toka siku hiyo sifa zikaanza kuingia saluni pamoja na wateja. "Mdogo wako ana moyo wa chuma." "Mtoto mdogo vile, kumsukuma mama mzima!" Nesi wa zahanati alisema sasa anaona aibu kufunga mlango. Kila mmoja alimwambia Msusi kana kwamba anampa zawadi, na yeye alijibu "ahsante" na kuendelea kusuka.

Wivu wenyewe haukuwa mgeni kwake. Ulikuwepo siku Kengele alipovaa joho, ukawepo siku alipoapishwa, mama akakaa kiti cha mbele na Msusi akabaki nje akitafuta mahali pa kuweka mikoba. Lakini wivu ule aliuweza. Alikuwa akijiambia: vyake ni vyake, vyangu ni vyangu. Sasa ni kama mwenzake alikuwa ameingia chumbani kwake, akachukua kitu pekee ambacho Msusi hakuwahi kuhitaji kukionyesha kwa mtu ili ajue ni chake.

Kilichommaliza kabisa ni mama. Siku moja, Msusi akimkata kucha za miguu, mama alianza kucheka peke yake.

"Yule mtoto," akasema, "kunisukuma na mvua yote ile."

Wembe ukasimama. "Nani alikusukuma, mama?"

"Si Kengele? Amesema mwenyewe kwenye redio."

"Mama, Kengele alikuwa shuleni."

Mama akamtazama. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini alimtazama kwa makini kweli, kama mtu anayetaka kusaidia. "Sasa wewe," akauliza, "ulikuwa wapi?"

Msusi akamaliza kucha zilizobaki. Akamvisha mama soksi. Akatoka uani, akafua nguo ambazo alikuwa amezifua jana yake.

Kengele hakuwa mbunge wa kuonekana wakati wa kura tu. Hilo hata maadui zake walilikubali. Kila mwisho wa mwezi alikuja jimboni, akafungua ofisi yake kando ya soko, akakaa kwenye benchi moja na wenye shida zao. Na kila mwaka aliitisha mkutano katika ukumbi wa shule ya msingi, akatoa hesabu ya kazi yake: maswali aliyouliza, miswada aliyoiunga mkono, na ile aliyoipinga. Mwaka huo ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani.

Msusi alifika amechelewa, bado amevaa aproni yenye vitana mfukoni, akakaa benchi la nyuma. Alimwona mdogo wake jukwaani, amesimama bila karatasi, mkono mmoja kiunoni kama mama yao enzi zake. Mzee mmoja fundi viatu alimbana kuhusu ushuru wa soko.

"Niliupinga," Kengele akasema. "Sauti yangu imo kwenye kumbukumbu za Bunge, kasome. Tulishindwa, lakini niliupinga."

"Na muswada wa ardhi? Tumesikia siku ya kura hukuonekana."

"Sikuonekana, kweli. Nilikuwa naumwa. Najua haiwasaidii, lakini ndiyo hali halisi."

Watu wakapiga makofi. Hata kuumwa kwake wanakupigia makofi, Msusi akawaza, na mkono wake ukainuka kabla hajaamua.

Katibu wa mbunge, kijana nadhifu mwenye kipaza sauti, alimfahamu, akatabasamu na kumpelekea.

"Mheshimiwa," Msusi akasema.

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Ukumbi ukacheka, ukidhani dada mtu ana mzaha wake. Kengele naye akacheka. "Ndiyo, mwananchi."

"Nina swali kuhusu lile toroli."

Makofi tena. Mtu akapiga kigelegele.

"Gurudumu lake lilikuwaje?"

Kicheko cha Kengele kilibaki mdomoni, lakini kilikuwa kimeshakufa. Wakatazamana juu ya vichwa vya watu wote wale. Ukumbi ulichukua muda kutambua kwamba hakuna mzaha. Katibu akamsogelea bosi wake, akamnong'oneza, na kwa kuwa alisahau kipaza sauti cha jukwaani kilikuwa karibu, wote wakasikia: "Tuseme muda umekwisha."

Kengele akamsukuma pembeni kwa kiwiko.

"Sijui," akasema. "Sijui lilikuwaje kwa sababu sikuwepo. Nilikuwa shule ya bweni. Aliyemsukuma mama ni huyo dada yangu."

Msusi alikuwa ameuota wakati huo mara nyingi, akisuka, akipika, akifagia nywele sakafuni. Katika ndoto watu waligeuka kumtazama yeye, na kitu kizito kikamtoka kifuani. Watu waligeuka kweli. Lakini walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyevunja sahani kwenye sherehe. Kisha ukumbi ukaanza kuvuma, na simu zikainuliwa juu zikirekodi.

Kabla jua halijazama jimbo zima lilikuwa limeiona video. Wapinzani wa Kengele walimbatiza Mheshimiwa Toroli. Gazeti likauliza: kama amedanganya kuhusu mama yake, ni mangapi mengine aliyodanganya? Na hoja ya zahanati, iliyokuwa inakaribia kupigiwa kura, ikaahirishwa. Nesi aliyekuwa akiona aibu kufunga mlango sasa aliufunga bila kuona aibu.

Saluni ikagawanyika. Wengine walihama, wakaenda kusukwa kwingine. "Amemvua nguo mdogo wake hadharani," walisema. "Si angemwita pembeni?" Wengine walikuja hata kama nywele zao hazikuhitaji kusukwa, wapate kusikia kutoka kwa mwenyewe. Msusi akawasimulia. Mwanzoni alisimulia kwa kifupi, kwa haya. Siku ya pili, katika simulizi yake, mama alikuwa akiomba maji njiani. Siku ya tatu walinzi wa hospitali walitaka kumzuia getini, akawapita na toroli lake.

"Na mvua inanyesha," akasema.

Mama muuza mkaa, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akakiinua. "Mvua? Si juzi ulisema jua?"

"Lilikuwa jua. Halafu ikanyesha."

"Aa."

Msusi akachovya kitana kwenye maji, akakitoa, akakichovya tena. Masikio yalikuwa yakimchoma. Siku hiyo hakusimulia tena.

Kengele hakupiga simu. Wala Msusi hakupiga. Kisha Bunge likakaa tena, na siku ya kwanza tu Spika akatangaza kwamba Mheshimiwa fulani ameomba kusahihisha kumbukumbu za Bunge. Redio iliongezwa sauti na mikono miwili kwa pamoja.

"Mheshimiwa Spika," Kengele akasema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida, "katika mchango wangu nilisema nilimsukuma mama yangu kwenye toroli. Si kweli. Aliyefanya hivyo ni dada yangu. Mimi nilikuwa shuleni, nikisomeshwa na mikono yake. Mvua pia haikunyesha. Naomba maneno yale yafutwe na haya yaandikwe mahali pake. Kufuli, Mheshimiwa Spika, lilikuwepo. Hilo naomba libaki, kwa sababu mpaka leo lipo."

Kisha meza. Zilipigwa kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na hazikunyamaza. Spika akasema Bunge limepata mfano wa kuigwa, kwamba katika miaka yake yote kitini hajaona mbunge mwenye ujasiri wa namna hiyo. Mbunge wa upinzani, yuleyule aliyelianzisha lile jina la Toroli, akasimama kumpongeza.

Wateja wakageuka kumtazama Msusi, nyuso zao zimelainika. Mmoja akamshika mkono. "Umesikia? Amekutaja!"

Msusi akaenda kwenye friji, akaizima redio.

"Hata kosa lake lina makofi," akasema. "Mimi nimesukuma mara moja, yeye kapigiwa makofi mara mbili."

Alitaka iwe kama utani. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alisikia jinsi sauti yake ilivyotoka, kali na nyembamba, sauti ya mtoto aliyenyimwa kitu. Akawaambia leo anafunga mapema.

Hoja ilipita, ingawa si yote. Si zahanati zote zilizotajwa zilizopata wahudumu, lakini ya kwao ilipata nesi wa Jumamosi na Jumapili.

Kengele alikuja saluni siku ya Jumatano, saa za mchana wakati hakuna wateja. Hakuwa na katibu wala gari lenye bendera. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, na alipokivua, nywele zilikuwa zimesimama kila upande.

"Nisuke," akasema.

"Una miadi?"

"Sina."

"Wasio na miadi wanasubiri."

Kengele akaangaza macho kwenye viti vitupu, akakaa kimoja, akapakata mkoba. Msusi akapanga chupa za mafuta upya, kubwa kwa ndogo. Alipoona hazipangiki tena akasema, "Haya, njoo."

Akazigawa nywele, akasuka. Kichwa kile alikijua kuliko chake mwenyewe, kovu la nyuma ya sikio, zile nywele za kisogoni zinazokataa kushikika. Ni Kengele aliyeanza kusema.

"Nilikuwa nimeandika 'dada yangu'. Nilifanya mazoezi kwenye kioo, 'dada yangu, dada yangu'. Nikasimama, nikaona wale watu wote wananisubiri, ikatoka 'nikamsukuma'. Na ilipotoka, Dada, nisikufiche, niliona raha. Kama vile kweli nilikuwepo."

"Na mvua?"

"Mvua nilitia chumvi."

Msusi akauma midomo. Mvua ileile alikuwa ameiuza hapa hapa, kwenye kiti hiki hiki, na hakuwa tayari kusema.

"Nilikupigia siku ile nikuombe radhi," Kengele akaendelea. "Ukasema nimeongea vizuri. Nikaona, basi, hajali. Wewe huonyeshi kitu, Dada. Mtu akikutafuta hakupati."

"Kwa hiyo kosa langu?"

"Sijasema hivyo. Unakumbuka niliporudi likizo ile? Mama alikuwa bado ana bandeji. Akitaka kuinuka alinyoosha mkono bila kutazama, na bega lako lilikuwa tayari lipo. Mimi nikamkimbilia nimshike, akaniuliza, 'Wewe nani?' Alikuwa hajaniona tu, macho yalikuwa mlangoni. Lakini aliuliza. Tangu siku hiyo nakuonea wivu."

"Wewe? Unione wivu mimi?"

"Sana."

"Wewe unayefunguliwa mlango wa gari na mtu mwingine!"

"Ndiyo, Dada. Mimi huyo huyo."

Msusi akavuta nywele za kisogoni, akazikaza. Hakujua kama aamini. Mtu huyu alikuwa amelitoa Bunge machozi kwa uongo na kulipigisha makofi kwa ukweli, na sauti ilikuwa ileile mara zote mbili. Labda hata haya alikuwa ameyafanyia mazoezi kwenye kioo. Lakini shingo iliyokuwa mikononi mwake ilikuwa imekakamaa kama ya mtoto anayesubiri kupigwa, na shingo haifanyiwi mazoezi.

"Mama anasema ni wewe uliyemsukuma," akasema mwishowe. "Nimemweleza, haimwingii. Aliniuliza nilikuwa wapi."

Kengele akageuka ghafla, msuko ukamponyoka Msusi. "Alikuuliza hivyo?"

"Geuka mbele."

"Dada, nitamwambia. Nitamwambia mwenyewe."

"Atasahau. Mwambie, lakini atasahau." Akaushika tena ule msuko. "Wewe unamwonea wivu mtu aliye karibu naye. Haya. Kuwa karibu. Jumapili njoo umwogeshe."

"Mimi?"

"Kwani mikono yako inapiga meza tu? Kila Jumapili ambayo Bunge halikai. Bila katibu. Bila mtu wa kupiga picha."

"Nitakuja."

"Kumbukumbu za Bunge hazitaandika."

"Nimesema nitakuja, Dada."

Alikuja. Msusi alimwekea maji, akamwonyesha taulo lipi la uso na lipi la miguu, na upande upi wa mgongo mama hapendi kusuguliwa. Kisha akatoka uani. Alikuwa amepanga kufagia, kisha aende sokoni, kisha arudi kuhakikisha.

Kutoka ndani alisikia maji yakimwagika, na Kengele akisema kitu, polepole, akikirudia. Mama akauliza, akajibiwa. Halafu mama akacheka. Kicheko kirefu cha tumboni, kile ambacho Msusi hakuwa amekipata kwa mama yake kwa siku nyingi, pamoja na kucha zote na soksi zote. Kilimchoma palepale pa siku zote. Akaegemeza ufagio ukutani, akapiga hatua kuelekea mlangoni, tayari na neno la kusema: maji yamepoa, sogea nikuonyeshe.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Aliona mgongo wa mdogo wake, blauzi imelowa mpaka kiunoni, na mkono wa mama umeshika bega lile.

Akarudi nyuma. Akatandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, akakaa, akajiambia atakaa kidogo tu mpaka wamalize. Jumapili ilikuwa bado mbichi na hakuna aliyemwita. Alipokuja kuzinduka usingizini kivuli kilikuwa kimehama, jua lilikuwa miguuni mwake, na mtu alikuwa amemfunika kwa khanga.